Mama Sattam Ajifunza Kuomba

Wadha alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Mwenye kosa huomba radhi, akajifuta mikono, akaenda zake. Mwenye haki afanye nini?

Majira ya maziwa ya mwaka jana, Baba Ghazi alileta madebe yake manne kwenye jiko la akina mama wa Ain Sidra, kama alivyoyaleta miaka sita mfululizo. Wadha, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Sattam, ndiye mkuu wa jiko hilo. Akatumbukiza kipimo, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa, nacho kikazama kupita mstari wake. Maziwa yalikuwa na maji. Mwanamke mwingine angemwita mzee pembeni. Wadha alisimama pale pale mlangoni, mbele ya wanawake wanane, dereva wa gari la gesi na imamu aliyekuwa akijipitia, akasema kwa sauti aliyojaliwa na Mola ya kuitia mbuzi waliovuka bonde:

"Baba Ghazi! Kwako mvua hunyesha mpaka ndani ya debe?"

Watu walicheka. Dereva wa gesi alicheka hadi akajiegemeza kwenye mitungi. Baba Ghazi hakucheka. Alipakia madebe yake manne, akafunga mlango wa gari taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akaondoka. Tangu siku hiyo maziwa ya kondoo wake mia tatu yakawa yanapita mbele ya jiko, yakishuka mjini Karak kwa mchuuzi asiyepima kitu.

Mwaka huu majira yalipofika, jiko lilikuwa na masufuria makubwa sita, vitambaa vya kuchujia vimefuliwa na kuanikwa, chumvi magunia mawili, na maziwa hata ya kumtilia paka hakuna. Wafugaji wengine walikwisha kufungamana na wachuuzi au wameshuka na makundi yao bondeni. Na jiko hilo kazi yake ni moja: jamidi. Mtindi unasukwasukwa, unachemshwa, unachujwa nguoni, unatiwa chumvi na kufinyangwa mipira myeupe inayokaushwa mpaka iwe migumu kama mawe. Bila jamidi hakuna mansafu, ule wali wa nyama ya kondoo unaomwagiwa mchuzi wake, na bila mansafu huko hakuna harusi wala matanga. Kondoo hukamuliwa majuma machache tu, kisha nyasi hukauka na biashara imekwisha mpaka mwakani.

Mwenyekiti wa jumuiya ya kijiji alikuja na tasbihi yake, akachungulia masufuria matupu.

"Mama Sattam, chumba hiki kikikaa bure msimu huu, tutaweka humu viti vya harusi. Vile mia mbili vinanyeshewa nyuma ya shule."

"Viti! Wanawake tisa wanaendesha nyumba zao humu, wewe unaona huruma ya viti?"

"Basi mrudishe Baba Ghazi. Wewe ndiye uliyemfukuza."

"Maziwa yalikuwa na maji!"

"Najua. Na sasa huna maziwa wala maji." Akatoa karatasi mfukoni. "Kuna mafunzo ya siku tatu, hapo ukumbini. Namna ya kumshawishi mtu, kazini na nyumbani. Nimekuandikisha."

Wadha ana miaka arobaini na saba, ameozesha mabinti wawili, amesuluhisha ugomvi wa wakwe zake wote isipokuwa wake mwenyewe. Kuambiwa akafundishwe kusema na watu kulimchoma. Lakini alikwenda. Viti mia mbili si mchezo.

Mwalimu alikuwa msichana kutoka Amman, Rawand, kijana wa miaka ishirini na sita, viatu vyeupe ambavyo kufika saa nne asubuhi havikuwa vyeupe tena. Alikuwa na adabu, alikuwa na bidii, na alikuwa na hatua saba zilizochapwa kwenye karatasi ya rangi.

"Hatua ya kwanza," akasema Rawand, "taja jina la mtu unayezungumza naye. Mara kwa mara. Mtu hupenda kusikia jina lake."

Wadha akanyoosha mkono. "Baba Ghazi, mzee wa miaka sabini, nimwite Falah? Mimi? Atanifungulia mbwa."

"Unaweza kutumia jina la heshima, shangazi."

"Hilo namwitia tangu nizaliwe, na bado amenuna."

Hatua ya pili ilikuwa kukaa kama mwenzako anavyokaa: akikunja mikono nawe kunja, akiegama nawe egama. Ya tatu, mfanye akubali vitu vidogo vitatu, kisha ndipo umwombe kikubwa. Ya nne Wadha hakuisikia kwa sababu Nijma, mwenzake wa jikoni aliyekuja kumsindikiza tu na kula biskuti, alikuwa akikoroma.

"Hatua ya tano ni muhimu sana," akasema Rawand. "Mwenzako akikupa kitu, chochote, pokea haraka na kwa furaha. Maji, chai, peremende. Ukipokea chake moyo wake unafunguka. Ukikataa, umejenga ukuta."

Hili Wadha aliliandika. Ndilo pekee lililomwingia akilini siku zote tatu, na kama angejua lingemfikisha wapi angelila na karatasi yake.

Jioni ya siku ya pili alianza kumfanyia mazoezi mumewe, Khalaf. Alitaka aende kwa Baba Ghazi badala yake. Khalaf alikuwa amekaa kwenye godoro, amejiegemeza kwenye mto, anajikuna sikio. Wadha akakaa mbele yake, akajiegemeza, akajikuna sikio. Khalaf akahamishia mkono gotini. Naye akahamishia gotini.

"Una chawa?" akauliza Khalaf.

"Baba Sattam, leo jua limetoka?"

"Limetoka."

"Na chakula kilikuwa kizuri?"

"Kilikuwa na chumvi, lakini kizuri."

"Na mimi ni mke wako?"

"Ndiyo, Mungu hujaribu waja wake."

"Basi, Baba Sattam, mume mwema..."

"Siendi kwa Baba Ghazi."

"Sijamaliza!"

"Nimekuoa miaka ishirini na tisa. Ukiniuliza swali ambalo jibu lake unalijua, najua kuna jambo nyuma. Nenda mwenyewe. Ulimi uliotia jeraha ndio upeleke dawa." Akageukia ukutani. Hilo la kugeukia ukutani Wadha hakuliiga.

Basi akaenda mwenyewe. Baba Ghazi ni binamu ya marehemu baba yake, kwa hiyo hakuna wa kusema neno. Khalaf alimpeleka kwa gari mpaka mlango wa uzio, akabaki nje akisingizia kwamba tairi lina sauti. Mzee alikuwa kwenye hema lake jeusi la manyoya, lile analolisimamisha kando ya nyumba kila majira ya maziwa ingawa nyumba ina vyumba sita. Dele la kahawa lilikuwa kwenye makaa. Hakusimama haraka, lakini alisimama.

"Karibu, binti Awwad."

Binti Awwad. Alimwita kwa jina la babake, kama wanavyoitwa wageni wanaotoka mbali au mabinti wanaokaribia kukemewa. Wadha akakaa. Mzee akakunja mguu, naye akakunja mguu. Mzee akamimina kahawa chungu yenye iliki ndani ya finjani, mafunda mawili ya kuonja, akampa kwa mkono wa kulia.

Pokea haraka na kwa furaha. Wadha alipokea, akatabasamu mpaka mashavu yakauma, akanywa yote kwa mara moja, akaitikisa finjani kushoto na kulia kuonyesha kwamba imemtosha, akairudisha.

Mama Ghazi, mke wa mzee, aliyekuwa akisokota uzi pembeni, aliacha kusokota.

"Afya," akasema Baba Ghazi. Na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana uso wake ukawa na kitu kinachofanana na raha. "Umekuja kututembelea tu. Umefanya vizuri. Msalimie Baba Sattam, mwambie tairi lake halina kitu."

"Baba Ghazi, mimi nilikuwa na..."

"Umekwisha kunywa, binti yangu. Karibu tena siku nyingine."

Wadha alijikuta nje ya uzio, miguu yake imemtoa yenyewe. Alipokwisha kuingia garini ndipo damu ilipompanda kichwani.

Kesho yake jikoni, Nijma alishika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Kabla ya kusema?"

"Nijma, usinianze."

"Mtoto wa hapa! Umezaliwa hapa, umeolewa hapa, umeona wazee wangapi wanakwenda kuposa? Mwenye haja huweka finjani chini! Haigusi mpaka mwenye nyumba aseme, 'Kunywa kahawa yako, haja yako imepita.' Kahawa ikipoa mbele ya mgeni, aibu ni ya nani? Ya mwenye nyumba! Ndicho kitu pekee ulichokuwa nacho mkononi, na wewe umekibugia!"

"Nilifundishwa nipokee!"

"Na yule aliyekufundisha alikuja hapa kuomba maziwa?"

Wadha alitafuta karatasi ya rangi ya hatua saba, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikicheza. Meza ikatulia. Angalau.

Halafu akakaa juu ya gunia la chumvi na kukasirika vizuri, kwa zamu. Alianza na Rawand, msichana wa watu ambaye hakukosea, maana ya kwake huenda yanafaa kwa kuuza simu huko Amman. Akaja kwa Khalaf na tairi lake. Akaja kwa Baba Ghazi, mzee mzima anayeshangilia finjani kama mtoto aliyeshinda gololi. Mwisho akajifikia mwenyewe, akakaa hapo muda mrefu zaidi. Alikuwa ameona wazee wa ukoo, watu arobaini, wamekaa kimya mbele ya finjani moja mpaka mwenye binti akalegea. Aliona tangu utotoni. Alifikiri ni mambo ya wanaume ya kupoteza muda. Sasa alifikiri upya. Mzee anayeweka finjani chini husema sentensi moja, kisha hufunga mdomo. Na hapo ndipo palipomtisha, kwa sababu katika maisha yake Wadha hajawahi kusema sentensi moja.

Alingoja siku tatu, maana mtu harudi kesho yake kama anayedai. Siku tatu kati ya majuma machache. Kila asubuhi gari la Baba Ghazi lilipita na madebe, na kila asubuhi mwenyekiti alipita na futi ya kupimia, akipima ukuta kwa ajili ya viti.

Siku ya nne akaenda. Safari hii hakukunja mguu kama mtu yeyote. Alikaa anavyokaa yeye. Mzee akamimina, akampa. Wadha akapokea kwa mkono wa kulia, akaiweka finjani chini kwenye zulia, mbele ya goti lake.

Baba Ghazi akaitazama finjani. Akamtazama yeye.

"Ala! Umeleta ujumbe wa wazee peke yako?"

"Baba Ghazi," akasema Wadha, "nimekuja nyumbani kwako, na nina haja ya maziwa yako."

Akafunga mdomo.

Mvuke uliinuka kutoka kwenye finjani. Nje kondoo mmoja alilia, akajibiwa. Mzee akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

"Mchuuzi wangu ni mtu wa heshima," akasema.

Mchuuzi wako anachanganya maziwa ya watu kumi kwenye tangi moja ambalo usingeosha humo hata kikombe chako, ndivyo Wadha alivyosema, ndani ya kichwa chake.

"Hapimi. Anayemwamini mtu hampimi."

Wadha alijibana paja kupitia nguo.

"Miaka sita nimeleta. Miaka sita! Na baba yako, Mungu amrehemu, nilichunga naye tukiwa na viatu jozi moja baina yetu." Mzee alianza kupandisha. "Kisha binti yake anasimama njiani, mbele ya dereva wa gesi. Dereva wa gesi, Wadha! Anapita vijiji kumi na tatu yule! Mwezi mzima kila nilipokwenda walikuwa wananiuliza kama kwetu kumenyesha!"

Hilo Wadha hakulijua. Alijua kwamba watu walicheka. Hakujua kwamba kicheko kilipakiwa na mitungi ya gesi kikagawiwa nyumba kwa nyumba. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Sema basi. Sema tena. Sema nilitia maji."

Jamani. Alikuwa anamchokoza waziwazi, kama mtu anayemshikia mbwa mfupa. Na maji yalikuwemo! Kioo hakina ukoo wala chuki, kilizama chenyewe. Sentensi tatu tu angemaliza shauri. Wadha alitazama finjani. Kahawa ilikuwa imeacha kutoa mvuke, na juu yake kulifanyika utando mwembamba. Alikaza meno hadi taya likalia.

"Nilikosea mahali pa kusemea," akasema, akashangaa sentensi imetoka fupi hivyo.

Mama Ghazi akaacha uzi wake. "Kahawa ya mgeni imepoa, mzee," akasema, bila kumtazama mtu.

"Nimeiona."

"Sisemi kitu. Nasema imepoa."

Baba Ghazi akapumua kwa pua kama kondoo dume aliyekataliwa lango. Akaichukua finjani, akaimwaga nje ya hema, akamimina nyingine ya moto, akampa tena. Wadha akaiweka chini tena. Mzee akapiga goti lake kofi.

"La haula! Kichwa kigumu cha Awwad mtupu! Kunywa kahawa yako, mwanamke. Maziwa utayaona kesho."

Wadha akanywa. Iliunguza ulimi, na ulimi ulistahili.

Mama Ghazi alimsindikiza mpaka kwenye uzio. Alipofungua lango, akasema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye kitasa: "Mwaka huu madebe nayakausha juani mwenyewe. Mwaka jana binti mkwe alikuwa mgeni, alikuwa anasuuza na kufunika papo hapo, maji yangali ndani."

Wadha alisimama pale na haki yake mkononi, nzima, imethibitishwa na shahidi. Mwaka mzima alikuwa akiisubiri. Na hapakuwa na mtu mmoja duniani wa kumwambia, maana akilitamka neno hilo litamfikia dereva wa gesi kabla ya adhuhuri, na maziwa yatarudi Karak. Alisema, "Mungu akuhifadhi, shangazi," akaingia garini.

"Imekuwaje?" akauliza Khalaf.

"Endesha."

Asubuhi gari la Baba Ghazi lilisimama mlangoni pa jiko. Madebe manane. Wanawake wote tisa walikuwa nje na aproni mpya. Mwenyekiti alikuwapo na futi yake. Na kwa sababu dunia haina huruma, gari la gesi nalo lilikuwa pale, dereva ameshusha kioo, anangoja.

Wadha alikuwa ameandaa dele. Alimimina mwenyewe, akampa mzee kwa mkono wa kulia. Baba Ghazi akapokea, akainama kwa taabu ya magoti yake, akaiweka finjani chini, juu ya jiwe la kizingiti.

Nijma alisema, "Yarabi," kwa sauti ndogo.

"Nina haja nyumbani kwako, Mama Sattam," akasema Baba Ghazi. Alisema Mama Sattam. "Leta kioo chako. Pima hapa hapa, mbele ya hawa hawa. Na kioo kikisema neno, uliseme kwa sauti ile ile."

Akafunga mdomo, na alijua kuufunga kuliko yeye.

Wadha alitazama madebe. Kama binti mkwe ndiye aliyesuuza leo? Kama Mama Ghazi alichelewa kuamka? Kioo kikizama atasema nini? Akisema kweli maziwa yanaondoka na chumba kinajaa viti. Akisema uongo, hiyo jamidi itaandikwa jina lake yeye, na wanawake wanane watakuwa wamemwona. Angeweza kuleta visingizio, kioo kimepasuka, kioo kimeazimwa. Kahawa ilikuwa inapoa juu ya kizingiti chake mwenyewe.

"Kunywa kahawa yako, Baba Ghazi," akasema. "Haja yako imepita."

"Nitakunywa ukishasema."

Alikileta kioo. Akafungua debe la kwanza, la pili, akachagua la tano ili asiseme mtu kwamba wamepanga. Akachota, akakitumbukiza. Kikazama. Kikayumba. Kikapanda polepole kama mtu anayetoka kitandani asubuhi ya baridi, kikasimama. Mstari ulikuwa juu ya maziwa kwa upana wa ukucha.

Akapima la kwanza. La nane. Hivyo hivyo.

"Maziwa ya Baba Ghazi hayana maji," akasema Wadha.

"Ile sauti ilikuwa kubwa zaidi," akasema mzee.

Wadha akavuta pumzi, akaitoa sauti yake ya kuitia mbuzi waliovuka bonde: "MAZIWA YA BABA GHAZI HAYANA TONE LA MAJI! WEWE WA GESI, UMESIKIA? VIJIJI KUMI NA TATU, USIRUKE HATA KIMOJA!"

Njiwa wakaruka kutoka kwenye paa la msikiti. Dereva akainua mkono kuonyesha kwamba amesikia. Mwenyekiti akakunja futi yake, akaitia mfukoni.

Baba Ghazi akaokota finjani kutoka kwenye kizingiti, akanywa. Akakunja uso.

"Kahawa yako haina iliki ya kutosha," akasema.

Wadha akafungua mdomo. Nijma akamkanyaga mguu, kwa uzito wake wote, akaendelea kuukanyaga mpaka debe la mwisho lilipoingia ndani.